Utando mweupe kwenye kifuniko cha oili: maji yameingilia wapi?

Mpwa wangu anaishi Edmonton, Kanada, na huu ni mwaka wake wa pili wa theluji. Usiku mmoja wa Januari alinitumia picha na sauti chini yake: "Mjomba, shikamoo. Hebu nitazamie hii. Gari halina hata miezi minane." Picha ilikuwa ya kifuniko cha kutilia oili, kimepinduliwa kwenye kiganja chenye glavu, na ndani yake mmejaa ute mzito wa rangi ya krimu, kama tui la kwanza lililolala nje usiku kucha. Hofu yake niliielewa. Amekulia gerejini kwangu hapa Malindi, amenishikia spana tangu yuko darasa la tatu, na amesikia mara nyingi mafundi wakisema kwamba oili ikiwa nyeupe, hedi gasketi, kile kizibo bapa kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, imekwenda. Na gari lenyewe bado analilipia.

Wiki hiyo hiyo nikaletewa gari jingine hapa Malindi, kutoka nyumba moja ya upande wa Casuarina, lina utando ule ule, rangi ile ile. Hapa ambako barafu tunaijua ya friji. Mwenye gari alikuwa ameshatajiwa bei ya kufungua hedi. Magari mawili, moja kwenye baridi ya nyuzi 28 chini ya sifuri, jingine kwenye joto la kaskazi, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Hakuna hata moja lililohitaji kufunguliwa hedi. Ndiyo sababu nayaandika haya. Nimeona watu wakitoa pesa za karo kwa ajili ya utando ambao ungeondoka kwa safari ya kwenda Kilifi na kurudi, na nimeona wengine wakiambiwa "ni kawaida tu hiyo" huku maji ya rejeta yakiingia kwenye oili kila siku ya Mungu.

Maswali manne kabla ya spana

Oili nyeupe haikwambii ugonjwa. Inakwambia jambo moja, kwamba maji yamo. Yametoka wapi, hilo ndilo la kutafuta, na huanzwa kwa kuuliza kabla ya kufungua chochote. Mimi huuliza hivi. Utando uko kwenye kifuniko peke yake, au dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nayo imechafuka? Oili imepanda kupita ulipoijaza, au iko pale pale? Maji kwenye chupa ya rejeta yanapungua? Na gari linatembezwaje: kila likiwashwa, huenda dakika ngapi kabla ya kuzimwa?

Swali la mwisho ndilo lisiloulizwa gerejini, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu anaweza kukueleza safari zake za wiki nzima, ukajua jibu kabla hujafungua boneti.

Maji yanayozaliwa ndani ya injini

Watu hushangaa nikiwaambia petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote huzaa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Mengi hutokea kwenye ekzosi; ndiyo yale matone unayoyaona asubuhi yakidondoka nyuma ya gari. Lakini hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Sehemu ndogo ya moshi hupenya pembeni mwa pistoni ikashuka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, pamoja na mvuke wake. Injini iliyotoka kiwandani jana nayo hufanya hivyo, tena ringi mpya ambazo hazijakaa sawa hupitisha zaidi kidogo katika kilomita za mwanzo.

Injini ikiwa moto, hilo si neno. Mvuke hubaki mvuke, huvutwa na paipu ya kupumulia, hurudishwa kwenye njia ya hewa na kuunguzwa tena. Injini ikiwa baridi, mvuke hugusa chuma baridi ukawa maji, kama mfuniko wa sufuria ya wali unavyotoka jasho. Na penye baridi kuliko pengine ni pale juu, kwenye kifuniko cha oili na mfuniko wa valvu, kwa kuwa pako mbali na moto na hupigwa na upepo. Maji yale yakikutana na oili inayorushwarushwa humo ndani, vinashikana vikawa kitu kizito cheupe.

Mpishi yeyote wa Pwani anakijua kitu hiki. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikana. Ukilipasha kidogo linabaki jeupe. Ukilichemsha muda mrefu maji yanakwenda zake, mafuta yanabaki juu yaking'aa. Oili ni vivyo hivyo. Ule utando ni tui ambalo halijaiva.

Kuiva kwake ni oili kufika nyuzi 90 na kupanda, na kukaa hapo kwa muda. Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Mshale wa joto kwenye dashibodi hauonyeshi joto la oili, unaonyesha joto la maji. Maji hupata moto upesi, oili hufuata nyuma, na kwenye baridi kali inaweza kuchukua muda mara mbili ya ule wa maji. Dereva anaona mshale uko katikati, anadhani injini imekwisha kupata moto, anazima. Kumbe oili kwenye sampu ingali vuguvugu.

Utando kwenye kifuniko tu, dipstiki safi

Hili ndilo lililokuwa la mpwa wangu. Kila asubuhi alikuwa akibonyeza rimoti angali jikoni anakunywa chai, gari linanguruma peke yake nje kwa dakika kumi. Kisha huendesha kilomita nne mpaka kazini. Gari linasimama kwenye theluji kwa muda wa saa nane. Jioni hurudi kilomita zile zile nne. Kuanzia Novemba mpaka usiku ule wa picha, injini yake haikuwa imepata moto sawasawa hata mara moja.

Nilimwambia aifute dipstiki kwa karatasi nyeupe, aichomeke, aitoe tena, anipigie picha palipo na mwanga. Ikaja oili ya rangi ya asali, inang'aa, haina wingu, imesimama kwenye alama yake. Maji ya rejeta hayakuwa yameshuka hata upana wa ukucha tangu alinunue gari. Haichemshi, haitoi moshi mweupe mzito injini ikishapata moto. Hapo moyo ukanitulia, nami nikamtuliza yeye.

Tiba yake ni ya barabarani. Futa ute wote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha kifuniko, kisha utoke na gari njia kuu. Ukiona mshale wa joto umefika pahali pake, hapo ndipo uanze kuhesabu nusu saa, na ikiwa dakika arubaini ni bora zaidi. Usizunguke mjini ukisimama kwenye kila taa. Injini inataka kazi ya mfululizo. Fanya hivyo mara moja kwa wiki muda wote wa baridi.

Ile rimoti nilimkanya. Gari likinguruma bila kwenda halitoi joto la maana, na injini ikiwa baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo kinachoongezeka ni maji na petroli ndani ya oili. Washa, subiri kama dakika moja, ondoka polepole. Injini hupata moto kwa kutembea. Najua kwenye baridi ya kule kioo kikiwa na barafu huwezi kuondoka huoni mbele, hilo halina mjadala. Lakini dakika kumi za kungoja zikifuatiwa na dakika tano za safari, siku baada ya siku, ndizo zilizojaza kile kifuniko.

Kisha nikamuuliza kama gari lake lina waya wenye plagi ya umeme unaochungulia mbele, karibu na grili. Akasema upo, hakujua ni wa nini. Ni wa hita ya bloku, kifaa cha umeme cha kuipasha injini moto ikiwa imezimwa. Kule Alberta, jimbo lenye mji wa Edmonton, maegesho mengi yana soketi kwa kazi hiyo hiyo: unachomeka saa chache kabla ya kuondoka, na injini inaanza ikiwa na joto tayari. Ninaona ni kosa kubwa kwa anayemuuzia gari mgeni wa theluji kutomwonyesha waya ule siku ya kwanza.

Jambo jingine ni kumwaga oili kwa kuhesabu miezi badala ya kilomita. Kitabu cha gari kwa kawaida kina ratiba mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na safari fupi kwenye baridi kali zimo kwenye ile ya pili. Watu wanapoona magumu hufikiria jangwa na mizigo, hawajioni wao wanaokwenda kilomita nne. Maji yakikaa kwenye oili hukutana na masalia ya moshi yakawa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokula beringi polepole bila kelele. Gari la mpwa wangu linatakiwa oili ya 0W-20; ile herufi ya katikati ni ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake ikiwa ndogo oili hutiririka vizuri kwenye baridi. Nimemkataza asije akaiga 20W-50 tunayotia huku kwenye injini zetu kongwe.

Jumamosi ile alikwenda, akarudi, akapiga picha nyingine. Ute ulikuwa umekwisha isipokuwa mstari mwembamba ukingoni. Akataka kujua mbona haujaisha. Nikamwambia baridi ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri kile kifuniko chenyewe hakipati moto, kwa hiyo kitatoka jasho kidogo mpaka theluji iondoke. Kifuniko asikitazame tena kila siku. Aitazame dipstiki.

Wengi wanadhani gari likiwa jipya haliwezi kufanya haya. Naona ni kinyume. Injini za sasa zimetengenezwa zisipoteze joto ovyo, ndiyo maana hutumia mafuta kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo huchelewa kupata moto zikiwa hazina mzigo. Magari ya haibridi, yenye injini na mota ya umeme pamoja, yamezidi: injini inawaka, inazimika, betri inashika kazi, injini inapoa tena. Mwenye haibridi kwenye nchi ya baridi na aizoee safari ndefu ya wikendi.

Oili imepanda na inanuka petroli

Hii inafanana na ile ya kwanza, lakini si ileile. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili imepita alama ya juu na hujaongeza, inuse. Ikinuka petroli, basi kilichoingia zaidi ni petroli. Injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hasa zenye tabo, zikiwa baridi petroli hunata kwenye kuta za silinda na kuteremka pembeni mwa ringi. Safari ndefu huitoa nyingi kwa sababu nayo huvukizwa na joto. Ikiwa imepita alama, usingojee Jumamosi: mwaga oili, tia mpya, na ulipeleke gari kwa aliyekuuzia ungali ndani ya dhamana, ukiwa na picha za dipstiki zenye tarehe. Oili iliyozimuliwa na petroli ni nyepesi, hailindi beringi.

Dizeli zenye chujio la moshi nazo hupandisha oili. Chujio likitaka kujisafisha, injini hupulizia dizeli ya ziada. Ukizima gari katikati ya shughuli ile, sehemu yake huishia kwenye sampu. Dawa ni ile ile ya njia kuu.

Mlio wa filimbi, oili imetapakaa, dipstiki imeruka

Hii ndiyo hatari ya kweli ya baridi kali, na hapa Malindi hutaiona kamwe. Yale maji ya jasho yakifika kwenye paipu ya kupumulia, na nje ni baridi ya kugandisha, hugeuka barafu humo humo. Injini inakosa pa kupumulia. Moshi unaopenya ringi unajaza sampu, unatafuta njia: utaisukuma dipstiki itoke mahali pake, au utaivua sili ya nyuma ya kranki, ile raba inayozuia oili isivuje, oili imwagike yote chini. Ukisikia filimbi usiyoizoea, ukaona oili imetapakaa juu ya injini asubuhi ya baridi, zima, usijaribu kufika nyumbani. Gari livutwe liingizwe mahali penye joto, barafu iyeyuke, kisha ile paipu na valvu yake vikaguliwe. Anayemaliza majira yote kwa safari za dakika tano ndiye anayejitafutia hili, na ndiyo sababu sikumwambia mpwa wangu kwamba ute wake ni kitu cha kupuuzwa.

Dipstiki nayo nyeupe, na maji yanapungua

Sasa tuje kwenye lile ambalo kila mtu analiogopa. Hapa maji yametoka kwenye rejeta. Dalili zake huja kwa kundi: dipstiki inatoka na oili yenye wingu, rangi ya chai ya maziwa, oili imepanda, chupa ya maji inataka kujazwa kila mara na chini ya gari hapana tone, moshi mweupe mzito hata injini ikiwa moto, mshale wa joto unapanda mlimani. Asubuhi kabla ya kuwasha, minya paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ngumu ilhali gari limelala usiku kucha, pana presha isiyokuwa yake. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, hilo nalisema kwa ajili ya vijana; nimeuona uso wa mtu uliounguzwa na maji yale.

Kuna kipimo ambacho nakipenda kwa sababu hakina gharama. Nachukua kijiko kikuukuu cha chuma, nakiweka juu ya makaa ya jiko mpaka kiwe moto, nje, mbali na kila kitu chenye petroli. Kisha nadondosha tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki. Oili safi hutandazika, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Oili yenye maji hutatarika kama chumvi ya mawe iliyotupwa motoni, na vitone vyake huruka, kwa hiyo uso uwe mbali. Kipimo hiki kinasema maji yamo. Hakisemi yametoka wapi. Tone lichukuliwe kwenye dipstiki, maana ukilichota kwenye kifuniko chenye jasho litatatarika hata kama injini ni nzima.

Kujua kama ni hedi gasketi, kuna ile dawa ya buluu ya kupimia. Kichupa chake hukaa kwenye mdomo wa rejeta, injini inawaka, hewa inayopanda inapita ndani ya dawa. Moshi wa injini ya petroli ukiwa umepenya kwenye maji, buluu hugeuka manjano. Ikibaki buluu, bado usifungue hedi: tia rejeta presha kwa pampu yake usiku kucha injini ikiwa baridi, uone kama mshale wa pampu unashuka. Kuna magari yenye kipoza oili kinachopitisha maji na oili bega kwa bega. Kikitoboka ndani, injini ikiwaka oili huingia kwenye maji kwa kuwa presha yake ni kubwa, na ikizimwa maji huingia kwenye oili. Mtu anafunguliwa hedi, anawekewa gasketi mpya, wiki ya pili utando umerudi. Hili nimelishuhudia, na machozi ya mwenye gari nimeyaona.

Kwetu hapa chanzo kikubwa cha gasketi kufa ni maji ya kisima. Visima vingi vya Pwani vina chumvi, na mtu anajaza rejeta kwa dumu la kuogea kwa kuwa kulanti, ile dawa maalumu ya rejeta, ni ghali. Chumvi inakula aluminiamu ya hedi, magamba yanaziba mirija ya rejeta, gari linachemsha kwenye joto la Februari, hedi inapinda. Taksi moja ya Probox niliyoifungua, mifereji ya maji ilikuwa na ukoko mweupe kama uliomo kwenye birika kuukuu la chai, nami niliukwangua kwa bisibisi. Kulanti si ya nchi za baridi peke yake. Kule inazuia maji yasigande. Ikichanganywa nusu kwa nusu haigandi mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Huku inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Kama huna uwezo wa kulanti leo, basi angalau maji yasiyo na chumvi, ya mvua au yaliyosafishwa.

Na ukimwaga kulanti, usiiache kwenye beseni uani. Ni tamu, na ni sumu. Paka wetu hunywa, na hafi siku hiyo. Hufa baada ya siku chache figo zikiwa zimekwisha.

Maji yaliyotoka nje

Masika yakiingia, Mei hasa, barabara zetu hujaa, na kila mwaka huja magari yaliyopita kwenye maji. Kama injini ilizimika ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Maji yakiwa juu ya pistoni hayabanwi, kinachovunjika ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Toa plagi za injini kwanza.

Gari likivuka salama pia halijasalimika. Difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, na giaboksi vina tundu dogo la kupumulia. Vikiwa moto vikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji. Siku chache baadaye oili ya difu inatoka nyeupe, na dereva haangalii huko kwa sababu injini ni safi. Fungua nati ya kujazia, chovya kidole, tazama.

Na wale wanaoosha injini kwa mpira wa presha kila wanaporudi ufukweni: kifuniko kilichochakaa raba na mdomo wa dipstiki hupitisha maji. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Nawaambia vijana wa kuosha magari kila wiki, na kila wiki nakuta injini inachuruzika.

Joto la Malindi, na utando upo

Nalirudia lile gari la Casuarina. Mwenye nyumba huja mara mbili kwa mwaka. Miezi yote mingine gari hukaa chini ya mkwaju, na mlinzi aliagizwa aliwashe kila Jumamosi dakika kumi, betri isife. Alifanya alivyoagizwa kwa uaminifu, bila kukosa. Kila Jumamosi injini ilizaa mvuke wake, ikapoa kabla haijaukausha, na hewa yetu ya chumvi na unyevu haisaidii. Jumamosi ishirini na kitu. Dipstiki ilikuwa na matone madogo juu, karibu na mkono, na chini oili safi. Maji ya rejeta yamejaa. Dawa ilibaki buluu.

Lakini nililiendesha mpaka Gede, na mshale wa joto haukufika katikati, kwa jua lile la saa saba mchana. Nikafungua pahali pa thamostati, hamna kitu. Fundi fulani aliitoa zamani. Hii ni tabia yetu na inanikera sana: gari likichemsha mara moja, thamostati inang'olewa na kutupwa, eti nchi hii ni ya joto haihitaji. Thamostati ndiyo inayoyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiitoa, rejeta inaipoza injini kuanzia dakika ya kwanza, na kwenye barabara ya upepo haifiki nyuzi 80 kamwe. Umeipeleka injini yako Edmonton na wewe mwenyewe unatokwa na jasho. Inakula petroli zaidi, oili inazeeka upesi, utando hautoki. Thamostati mpya ni kifaa cha bei ndogo kati ya vyote nilivyovitaja hapa.

Tulitia thamostati, tukamwaga oili, tukaweka mpya pamoja na filta. Nikaenda nalo Kilifi na kurudi, kilomita kama 120. Kifuniko kilirudi kikavu.

Kuhusu zile Jumamosi, nilizungumza na mwenye nyumba kwa simu. Kama hakuna wa kuliendesha nusu saa ya njia kuu, ni heri lisiwashwe kabisa. Amwage oili kuukuu kabla ya kuondoka ili gari lilale na oili safi, ajaze tanki, afungue waya wa hasi wa betri. Alikubali. Mlinzi siku hizi hana ufunguo wa gari. Nimemwachia spana namba 10 ya kufungia betri siku mwenyewe anapotua.